Taa Ndani ya Sanduku

Leo twataka kuwasimulia habari ya taa mbili ndogo tulizozitia sisi wenyewe katika gari kuukuu la misioni yetu, kwenye njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Huenda wengine watacheka na kusema: "Mwalimu amekosa la kuandika." Haidhuru, wacheke, lakini tunawaomba wasome mpaka mwisho. Taa hizo zilitupa somo tusilolipata vitabuni, na ada ya somo hilo ilikuwa kubwa. Tena walioilipa zaidi si sisi.

Gari lenyewe ni la namna ambayo watu wa Maniema wanaijua sana: pikapu ya Toyota Land Cruiser, ya kizazi kiitwacho cha 40, ambacho kilianza kutengenezwa Japani mwaka 1960 na kukoma huko mwaka 1984. Kwa hiyo, hata kama lilikuwa la mwisho kutoka kiwandani, lina umri kutupita sisi, tuliokwisha kuvuka miaka 30. Rangi yake ya kwanza hakuna aijuaye. Mlango wake wa kushoto hufungwa kwa kamba. Lakini injini yake ya mazuti huitika kila asubuhi, na chuma chake ni kizito, hakiogopi mashimo ya njia zetu.

Gari hilo hubeba madaftari, mchele, mafuta ya mawese na mabati. Na mara nyingi hubeba wagonjwa. Hapa yafaa tuwakumbushe vijana jambo la kwetu ambalo wengi hawalijui. Katika miaka ya 1970 na 1980, waganga wa Kasongo pamoja na wenzao wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walipanga utaratibu wa vituo vya afya vijijini, ili mgonjwa atibiwe kwanza karibu na kwake, na mwenye shida kubwa apelekwe hospitali ya Kasongo. Kazi hiyo ilijulikana mbali kwa jina la Mradi wa Kasongo. Walichunguza hata namna ya kuwatambua mapema akina mama watakaojifungua kwa taabu. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini kati ya kituo na hospitali kuna njia, na juu ya njia lazima pawe na chombo. Kwetu chombo hicho, usiku, mara nyingi ni gari hili kuukuu.

Sasa tuje kwenye giza. Gari letu lina mahali pawili pa kuwekea vitu. Pa kwanza ni kile kisanduku kidogo mbele ya abiria, ambamo twaweka hati za gari, barua na vidonge. Pa pili ni sanduku kubwa la chuma lililofungwa kwa bolti nyuma ya kabini, ndimo mnamokaa jeki, spana, kamba, pampu, na machela ya kukunja. Wala kisanduku wala sanduku halikuwa na taa. Mchana hakuna taabu. Usiku, mtu hupapasa kama kipofu.

Twakumbuka safari moja ya masika. Gurudumu lilipasuka saa mbili ya usiku, mvua ikinyesha, na simu zote mbili zilikuwa zimekwisha nguvu. Tuliinua kifuniko, tukatia mkono tukitafuta jeki, tukakutana na msumeno. Damu ikatoka. Dereva, kwa wema wake, akawasha kiberiti ili atumulikie. Ndugu wasomaji, mle sandukuni, kando ya jeki, palikuwa na dumu la petroli ya pikipiki ya katekista, nalo halikuzibwa vema. Tuliupuliza ule moto kabla haujashika sawasawa, tukasimama wote wawili mvuani bila kusema neno.

Na kile kisanduku cha mbele nacho kilikuwa na hatari yake. Katika njia zetu kuna vizuizi, na kwenye kizuizi, usiku, mtu anayeinama na kupapasa chini gizani hutiliwa shaka na wenye bunduki. Ni vizuri mikono yako ionekane, na kile inachokishika kionekane pia.

Basi tukakata shauri kutia taa. Tulikuwa tumejifunza umeme kidogo shuleni, tena twapenda kazi za mikono. Tulinunua sokoni glopu mbili za wati 10 zilizotolewa katika magari mabovu, pamoja na waya na swichi moja ya mkono. Glopu moja tuliitia katika kisanduku, ya pili katika sanduku kubwa, na swichi tuliifunga chini ya usukani, ili iwashe taa zote mbili pamoja. Kazi ilikwisha siku moja. Jioni wanafunzi walikuja kutazama. Walifungua na kufunga, walifungua na kufunga, wakishangilia. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama akauliza:

"Mwalimu, hii taa mnaifungia ndani ya sanduku?"

"Ndiyo, Baba. Ni ya kutafutia vyombo."

"Lakini sisi tuliambiwa kanisani kwamba taa haifunikwi."

Watu wakacheka sana, nasi tukacheka nao. Baadaye tuliyakumbuka maneno ya mzee yule, na hatukucheka tena.

Kwa miezi miwili tuliona faida tu. Kubadili gurudumu usiku kukawa kazi ya muda mfupi. Hati zilitoka mara moja. Tukajisifu moyoni.

Ikafika Ijumaa moja. Saa kumi na mbili ya jioni, jua likiwa bado halijatua, tulirudi kutoka Kasongo na karatasi za mtihani. Tulikuwa tumewasha taa njiani, ndani ya msitu, ili kutafuta kitu. Hata hatukumbuki ni kitu gani. Tulizitoa karatasi, tukafunga sanduku kwa kufuli, tukafunga na kisanduku, tukatia ufunguo mfukoni, tukaenda zetu. Swichi hatukuizima. Nani angeona? Jua lilikuwa linang'aa, na taa zenyewe zilikuwa zimefungiwa ndani ya chuma. Jumamosi gari halikutoka. Jumapili halikutoka. Usiku watu walipita kando yake, wakaona gari limelala gizani kama siku zote. Kumbe ndani zile taa mbili zilikuwa zinawaka, zikimulika spana na kamba, bila faida kwa mtu yeyote.

Jumapili, saa tano ya usiku, tuliamshwa kwa kugongewa mlango. Mkunga wa kituo cha afya alikuwa amemtuma kijana: mama mmoja anaumwa uchungu tangu alfajiri, mtoto hashuki, lazima apelekwe Kasongo upesi. Tukakimbia. Mama yule alikuwa amekwisha kuletwa kwa machela mpaka uani, mumewe akimshika mkono. Dereva akapanda, akageuza ufunguo. Gari halikujibu. Akageuza tena. Tukasikia mlio mmoja mdogo, kama ukucha ukigonga bati, kisha kimya.

Tulijua papo hapo. Tulifungua sanduku kubwa, na mle ndani tukaona waya wa glopu ukiwa mwekundu hafifu, kama kaa linalotaka kuzimika.

Hatutayaandika yote ya usiku ule. Njiani, kwa mwendo kidogo wa pikipiki, lilikuwapo lori la mfanyabiashara, limelala na shehena yake ya mchele. Vijana walikwenda kumwamsha dereva wake. Malori makubwa huwa na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Yule bwana, bila kuuliza malipo, alifungua moja akampa kijana aipakate juu ya pikipiki kama mtoto. Mungu amlipe. Lakini kwenda, kufungua, kurudi na kufunga, zilipita saa mbili. Saa mbili hizo mama yule alizikaa uani petu, juu ya mkeka, na mkunga akamfuta jasho kwa kitenge chake.

Tulifika Kasongo alfajiri. Waganga walimpasua mara moja. Mama alipona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa.

Tulimwuliza muuguzi mmoja, kando, kama saa mbili zile ndizo zilizomwua. Alitutazama, akasema: "Mwalimu, uchungu wa siku nzima ni mrefu. Labda mtoto alikufa kabla hamjageuza ufunguo. Labda sivyo. Hakuna awezaye kupima." Hilo ndilo jibu tulilolipata, nasi tumeishi nalo.

Jumanne tuliingia darasani. Ilikuwa saa ya hesabu. Tulikuwa tumefikiri kuficha jambo lile, kwa kuwa mwalimu hapendi kudharauliwa na wanafunzi wake. Kisha tukaona kwamba tayari kulikuwa na kitu kilichofichwa ndani ya sanduku, nacho kilitosha. Tukaandika ubaoni:

Glopu mbili za wati 10 ni wati 20. Betri ni ya volti 12. Gawa wati kwa volti, unapata ampea 1 na theluthi mbili. Tangu Ijumaa saa kumi na mbili ya jioni hata Jumapili saa tano ya usiku ni saa 53. Zidisha: unapata 88. Betri yetu imeandikwa 70, maana yake, ikiwa mpya na imejaa, yaweza kutoa ampea 1 kwa muda wa saa 70 hivi. Toa 88 katika 70.

"Haitoki, Mwalimu," walisema.

"Ndiyo. Haitoki."

Tukawaeleza asili ya maneno hayo: volti ni kwa jina la Alessandro Volta, Mwitalia aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800; ampea ni kwa jina la André-Marie Ampère, Mfaransa. Walisikiliza kimya. Mwishoni msichana mmoja wa mstari wa nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, ni nani aliyesahau kuzima?"

"Ni sisi," tukajibu.

Hakuna aliyecheka. Na kama walitudharau, hawakutuonyesha.

Jioni ile tulichukua koleo tuzing'oe taa zile na kuzitupa. Tulikuwa tumekwisha kukata waya mmoja, ndipo akaja baba wa mtoto yule. Yeye ni fundi wa baiskeli. Tuliona aibu hata hatukujua la kumwambia. Alitusalimu, akainama akatazama kazi yetu kwa jicho la fundi.

"Mwalimu, mnaziondoa?"

"Ndiyo. Zimetuletea msiba."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Usiku ule mkunga alipotaka kumwangalia mke wangu pale barabarani, dereva alifungua lile sanduku, nayo taa ikamulika, maana betri ya lori ilikuwa imefungwa. Mkunga aliona damu, akajua la kufanya. Msiziondoe. Zitengenezeni vema."

Tukatengeneza pamoja naye, yeye akiwa fundi mkuu, sisi tukiwa msaidizi wake. Twayaandika hapa tuliyoyafanya, kwa kuwa magari ya namna hii ni mengi katika misioni na vijiji vyetu, na vijana wengi hupenda kuyatia taa.

Kwanza, tuliitupa ile swichi ya mkono. Mahali pake tulitia swichi mbili za kubonyea, kama zile za milango ya magari, tulizozitoa katika gari bovu. Swichi hiyo ina kijiti kidogo chenye springi. Kifuniko kikifungwa hukibonyeza kijiti, na njia ya umeme hukatika. Kikifunguliwa, kijiti hutoka na taa huwaka. Hivyo kuzima taa na kufunga sanduku ni tendo moja, wala haliachiwi kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Tuliziweka karibu na bawaba, juu, mahali ambapo vyombo havigongi na matope hayafiki.

Pili, tulitia fyuzi ya ampea 3, umbali wa shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Mara ya kwanza hatukuitia kabisa, na hilo nalo lilikuwa kosa. Wengi hudhani fyuzi hulinda taa. La, hulinda waya, na kwa hiyo gari lote. Waya ukichubuka na kugusa chuma, umeme wote wa betri hupita hapo, waya ukawa mwekundu na kuwasha moto. Fyuzi hukatika kwanza. Nayo haina budi kukaa karibu na betri, kwa maana kipande cha waya kilichoitangulia hakina mlinzi.

Tatu, tulibadili waya. Ule wa kwanza ulikuwa wa uzi mmoja mnene, kama wa nyumbani. Gari hutikisika, na uzi mmoja ukitikiswa kila siku huvunjika. Tulitumia waya wa nyuzi nyingi nyembamba. Kila tundu ambamo waya hupenya bati, fundi wetu alilivisha pete aliyoikata katika mpira wa ndani wa baiskeli, ili ukali wa chuma usiuchune. Na mahali ambapo waya wa kurudi hufungwa kwenye mwili wa gari, tulikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa.

Nne, badala ya glopu tulitia taa za LED za wati 1 kila moja. Hizi haziwaki moto, zinamulika vema, na hula umeme kidogo sana. Wanafunzi walirudia hesabu ile ile: wati 2 kwa volti 12, kwa saa 53. Wakapata karibu 9. Maana yake, hata kama ingetokea ajali kijiti kikakwama, betri ingebaki na nguvu ya kuwasha injini. Mwenye kutia taa hizo akumbuke kwamba umeme hupita ndani yake upande mmoja tu. Isipowaka, asidhani ni mbovu, abadilishane kwanza nyaya zake.

Tano, dumu la petroli halikai tena sandukuni. Kati ya yote matano, hili halikugharimu chochote, na lilipasa kuwa la kwanza.

Kazi ilipokwisha, likabaki swali moja. Kifuniko kikifungwa, tutajuaje kwamba taa imezimika kweli? Ukifungua uangalie, inawaka, ukifunga, huoni. Mtoto mmoja mdogo wa darasa la pili alijitolea kwa moyo wote afungiwe ndani ili atuletee habari, nasi tukamkataza. Ndipo yule msichana wa mstari wa nyuma akasema: "Mwalimu, tuweke simu." Tukaiwasha simu ipige picha za video, tukaiweka katikati ya spana, tukafunga kifuniko, tukahesabu pamoja mpaka 60, tukafungua. Kisha sote tukasongamana kuitazama. Kwanza tuliona nyuso zetu zikiinama. Halafu kifuniko kikashuka, na picha ikawa nyeusi tii kwa dakika nzima. Zilisikika tu sauti za watoto wakihesabu kwa mbali. Tukafanya vile vile kwa kile kisanduku cha mbele.

Fundi wetu aliomba kuiona mara ya pili. Aliitazama ile dakika nyeusi mpaka mwisho, akaturudishia simu, akasema: "Sawa. Sasa imezimika."

Ninyi wanafunzi mpendao kutengeneza vitu, endeleeni, wala msiogope. Lakini kazi haijakwisha siku inapowaka na watu wanashangilia. Jiulizeni: kitu hiki kitafanya nini wakati hakuna anayekitazama? Jaribuni hilo nalo, kabla ya kunawa mikono. Ninyi akina baba na madereva, mwenye gari la kubebea wagonjwa na aligeuzie ufunguo kila jioni, hata kama hana safari, asikie injini ikiitika. Sisi twafanya hivyo sasa kila siku jua likitua. Majirani wamezoea mlio huo. Mke wa fundi, ambaye nyumba yake haiko mbali, alituambia juzi kwamba akiusikia hujua ni wakati wa kuinjika chungu.